Shaba yetu na anemone ya bahari

Wandugu wa migodini, na ninyi mama zetu mulio nyumbani, leo tunazungumza juu ya mnyama wa bahari. Musicheke kwanza. Kutoka Likasi mpaka Moanda ni safari ambayo wengi wetu hatutaifanya maishani, na bahari tunaijua kwa picha tu. Lakini huyu mnyama anagusa kazi yetu, mutaona.

Mwana wa mwenzetu mmoja wa kiwandani anaishi Ubelgiji. Ndani ya nyumba yake kuna akwariumu, sanduku la vioo lenye litri 200 za mayi ya chumvi, na ndani yake amefuga anemone. Ukiiangalia kwenye telefone utasema ni ua: vidole vingi vinachezacheza ndani ya mayi, na samaki wadogo wa rangi ya machungwa wanajificha katikati. Kumbe ni mnyama. Ana mdomo, anakula kipande kidogo cha kamba wa baharini, na akikasirika anahama kwa mguu wake mmoja kwenda kutafuta jiwe lingine.

Tulimuuliza kwa kumtania: sasa wewe, kazi ya kuchunga ua la mayi ni kazi gani? Alituongelea karibu saa nzima. Ndani ya nyama ya anemone munaishi mimea midogo sana, isiyoonekana kwa macho, na hiyo njo inamupikia chakula kwa mwangaza. Taa ikiwa zaifu, anaitapika ile mimea, anageuka mweupe, na njaa inamumaliza polepole. Chumvi inatakiwa karibu gramu 35 katika kila kilo ya mayi, joto digri 25 hivi. Mayi yakikauka kidogo kwa joto, chumvi haiondoke, kwa hiyo kila siku unaongeza mayi matamu, si ya chumvi. Akwariumu mpya haipewe anemone; unangojea miezi sita au zaidi mpaka mayi yatulie. Tena pompi inafunikwa vizuri, maana usiku mnyama anatembea, pompi inamukata, na nyama yake ikioza inaua na samaki wote.

Ukimuchunga hivyo, anaishi. Kule Scotland, Sir John Dalyell alitoa anemone moja baharini mwaka 1828. Yeye Dalyell alikufa mwaka 1851. Anemone yake ilikufa mwaka 1887. Karibu miaka 60 ndani ya chombo cha kioo, kwa sababu kila mara palikuwa mtu wa kumubadilishia mayi.

Kisha kijana akatuambia neno lililotunyamazisha. «Papa, kitu ninachoogopa kupita vyote ni shaba. Ikiingia kidogo tu, njo kufa.»

Shaba! Ile ile tunayotoa sisi.

Akaeleza. Samaki wa akwariumu wakishikwa na ugonjwa wa vidoa vyeupe, dawa moja ya zamani ni sulfati ya shaba. Unaweka kiasi cha miligramu 0.15 mpaka 0.20 katika litri moja. Samaki wengi wanavumilia, kidudu kinakufa. Lakini anemone hawezi. Kwa hiyo samaki mgonjwa anatolewa, anatibiwa katika sanduku lingine, peke yake. Na sanduku lililokwisha kupata dawa hiyo hawaliamini tena kwa anemone, maana shaba inashikamana na mawe na mchanga, halafu inarudi ndani ya mayi kidogo kidogo. Hata mayi ya bomba wanayachuja kabla ya kuyatumia.

Sasa turudi kwetu. Siku moja mto tunaoupita kwenda kazini ulibadilika rangi. Sisi wajumbe wa sendika tukaenda kuuliza. Wakatuonyesha karatasi moja ya Kifaransa, kwa mbali, wakasema: «Mayi iko ndani ya norme.» Tukarudi na jibu hilo, na hatukujua kuuliza swali la pili.

Swali la pili lilikuwa hili: norme ya nani? Mpaka uliowekwa na OMS kwa mayi ya kunywa mtu ni miligramu 2 za shaba katika litri. Hiyo ni mara kumi ya dawa ile ambayo anemone hawezi kuivumilia. Hatusemi hesabu ya bahari ni sawa na ya mto. Mayi matamu yana mambo yake, na samaki wa Kafubu si anemone. Lakini mtu anaweza kunywa kikombe bila kusikia kitu, na vidudu vinavyolisha samaki vikawa vimekufa zamani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walishapima mito ya kwetu zaidi ya mara moja, wakakuta shaba na kobalti. Wavuvi hawakungojea watafiti, walijua kwa nyavu zao.

Wengine wenzetu watasema: munataka kiwanda kifungwe? Hapana. Watoto wetu wanasoma kwa shaba. Tunachodai ni kidogo. Mayi yapimwe pale yanapotoka kiwandani na kule chini ambako mama zetu wanafua. Matokeo yabandikwe mlangoni kila juma, kwa Kiswahili, namba na tarehe. Na mjumbe wa wafanyakazi awepo wakati wa kuteka. Kodi ya Migodi ya 2018, tunayoita Code minier, inawalazimisha wenye sosiete kuwa na mpango wa kulinda mazingira. Basi tuone huo mpango ndani ya chupa.

Tuliuliza bei. Dawa ya kupima shaba ambayo yule kijana anatumia nyumbani haifikii bei ya jozi moja ya viatu vya kazi. Haishindi laboratwari, tunajua, lakini inaonyesha kama kuna jambo. Kama sosiete wanaona hata hiyo ni mali mingi, sisi tuko tayari kuchanga.