Mambo ya Nyumbani: Rangi za Watoto na Nguo Zao

Mama mmoja, mke wa mwalimu, ametuuliza neno ambalo twaona lawahusu wengi. Mtoto wake wa miaka minne apenda mno kupaka rangi, bali kila apakapo huharibu nguo, na baba mtu amekwisha kusema kwamba rangi zisionekane tena nyumbani mwake. Je, ziko rangi zitokazo kwa kufua, tena zisizomdhuru mtoto akizitia kinywani?

Ziko. Walakini si kila rangi ichanganywayo na maji hufulika, na neno lililoandikwa juu ya kopo halitoshi peke yake. Yafaa kwanza kujua rangi imefanyizwa kwa nini. Mna vitu viwili ndani yake: rangi yenyewe, ambayo mara nyingi ni unga laini sana, na kitu cha kuishikamanisha, mfano wa gundi. Katika rangi njema za watoto gundi hiyo huyeyuka tena ikutanapo na maji, hata ikiwa imekwisha kukauka. Lakini katika rangi iitwayo akriliki gundi ni plastiki. Ikiwa mbichi yaoshwa kwa maji matupu, na mnunuzi hufurahi akidhani amepata aitakayo. Ikiisha kukauka haigeuki tena, hata uifue kutwa. Na rangi ya mafuta, ile ya milango na madirisha, tusiitaje hata kidogo, maana kuitoa kwataka tapentini au mafuta ya taa, navyo si vitu vya kunawishia mikono ya mtoto.

Twaijua desturi ya nyumba nyingi: kopo la rangi lililosalia tangu nyumba ilipopakwa huwekwa chini ya kitanda, na mtoto akililia rangi hupewa hilo, kwani kwa nini kununua jingine? Ndugu, msimpe. Rangi za nyumba, hasa za mafuta zenye manjano au wekundu wa kung'aa, mara nyingi zilitiwa madini ya risasi, na katika nchi nyingi zingali zikiuzwa. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi kijulikanacho cha risasi kisichodhuru, na ya kuwa mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake hunyonya mara 4 au 5 kuliko mwili wa mtu mzima. Wala jambo hili si geni. Katika mwaka 1921 mataifa yalipatana mjini Geneva kuzuia rangi nyeupe ya risasi isitumiwe kupaka ndani ya majumba. Marekani ilikataza rangi za nyumba zenye risasi mwaka 1978, na tangu 2009 sheria yao hairuhusu kupita sehemu 90 katika sehemu milioni moja. Ubaya wake ni kwamba haionyeshi kazi yake siku ile ile. Mara nyingi mtoto haumwi tumbo mwanzoni, wala hana homa. Bali ubongo wake umeguswa, na miaka ikiisha kupita huwa mzito wa kushika masomo, na mwalimu humwita mvivu.

Basi anunuaye na atazame kopo. Rangi za vidole na za watoto zitokazo Ulaya huandikwa EN 71, yaani zimepimwa kwa kanuni ya vitu vya kuchezea. Tena kanuni hiyo yataka rangi ya vidole itiwe kitu kichungu, ili mtoto alambaye mara moja asirudie. Zile za Marekani huwa na duara lenye herufi AP, maana yake hazikuonekana na sumu ya kumdhuru mtu. Iko na alama nyingine, ASTM D-4236, nayo watu huielewa vibaya. Hiyo haisemi kwamba rangi haina sumu; yasema tu kwamba imechunguzwa, na madhara yake, kama yapo, yameandikwa juu ya kopo. Kwa hiyo yasome maneno yale madogo, au mpe asomaye akusomee. Kopo lisilo na jina la kiwanda wala maandiko yo yote, hata likiwa rahisi namna gani, liache dukani.

Kabla ya kumpa mtoto, chukua kitambaa cheupe kikuukuu, kipake, kikauke hata kesho yake, ndipo ukifue. Kisipotakata, umejua, na hasara ni ya kitambaa.

Wengine watasema fedha hakuna, nasi twajua. Rangi yaweza kupikwa jikoni. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano au wa muhogo katika maji baridi, kisha mimina maji ya moto huku ukikoroga juu ya moto mdogo, hata iwe kama uji mzito. Itie chumvi kidogo, ipoe, uigawe katika vifuu. Kwa weusi saga makaa, kwa wekundu chekecha udongo, kwa manjano tia bizari ya manjano. Ila hiyo bizari saga mwenyewe kutoka katika mizizi yake mibichi, kwa maana mwaka 2019 wataalamu walieleza kwamba huko Bangladesh wafanya biashara waliipaka unga wenye risasi ili ing'ae. Chokaa usitie kamwe, huunguza macho.

Hata hivyo tusidanganyane: rangi hizi za jikoni haziogopeshi kinywani kama zile za kopo la nyumba, bali kwa nguo ni mbaya kuliko za dukani. Udongo mwekundu wajulikana na kila mfuaji. Manjano yakiguswa na sabuni hugeuka mekundu, na mama hushtuka; asihangaike, ayasuuze na kuyaanika juani, kwani jua huyafifisha. Basi rangi za jikoni ni za uani, mtoto akiwa kifua wazi na kaptula yake. Burashi ni mswaki uliotafunwa ncha, na karatasi ni kalenda ya mwaka uliopita.

Kwa rangi za dukani, mtoto avishwe shati kuukuu la baba yake, nyuma mbele, mikono imekunjwa. Twadhani baba akiona shati lake limepata kazi atalegea kidogo. Doa likiingia katika nguo, lifue upesi kwa maji baridi, ukisugua sabuni upande wa ndani, ili rangi itoke ilikoingilia. Maji ya moto yaache kwanza, na pasi isiguse nguo hata doa lishe kabisa, maana joto hulikaza. Wala mtoto asipigwe kwa doa la kazi aliyopewa. Huyo atajificha na rangi yake nyuma ya nyumba, na huko hakuna amwonaye akiilamba.

Uji wa rangi hauwekwi zaidi ya siku mbili. Ukichacha umwage shimoni na kuufukia, kuku wasije wakaudonoa.