Moyo unaharibikia Mbagala, unatengenezwa Upanga



Leo nasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Kila wenye serikali wanapojisifia Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, sisi huku mitandaoni tunakimbilia kukejeli. Mimi siwezi. Mdogo wangu wa kike yuko hai kwa sababu alifanyiwa upasuaji wa moyo, hapa hapa nchini, na madaktari wa Kitanzania.

Lakini nikiwaambia ilivyoanza, mtaelewa kwa nini bado niko upinzani.

Alikuwa na miaka tisa, tunaishi Charambe. Koo likamuuma, mafindofindo yakavimba. Mama akamwambia asukutue maji ya chumvi, mimi nikatumwa duka la dawa kununua Panadol. Homa ikaisha. Wiki chache baadaye goti likavimba, likapona, maumivu yakahamia kwenye kifundo cha mguu. Zahanati tuliyokwenda wakaandika malaria. Jirani akasema mtoto anakua, mifupa inavutika. Bibi akasema ni baridi. Akapona, tukasahau.

Alipofika kidato cha tatu akawa hawezi kupanda ngazi za shule bila kusimama njiani. Usiku analalia mito mitatu, akijinyoosha chali hewa inakata. Kipimo cha ECHO ndicho kilichotuambia ukweli: valvu ya upande wa kushoto wa moyo ilikuwa imeota makovu na kukakamaa, haifunguki vizuri. Daktari akauliza, "Akiwa mdogo aliwahi kuvimba viungo?" Mama akaanza kulia kabla hajajibu.

Ugonjwa wenyewe unaanzia kwenye homa ya baridi yabisi. Mtoto anapata bakteria wa kooni. Mwili unapopambana nao, kinga yake inakosea adui na kushambulia viungo na moyo. Viungo vinapona, valvu haziponi. Na koo jipya lisilotibiwa linaweza kuongeza kovu. Valvu ni milango ya moyo: ikikakamaa damu haipiti sawasawa, ikishindwa kufunga damu inarudi ilikotoka. Moyo unachoka, mapafu yanajaa maji.

Ikifika hapo mara nyingi dawa peke yake hazitoshi. Kwa mdogo wangu kifua kilifunguliwa, mashine ikashika kazi ya moyo na mapafu kwa saa kadhaa, daktari akatoa valvu mbovu na kuweka ya bandia. Tukaelezwa kuna aina mbili. Ya tishu za mnyama haihitaji dawa ya maisha, lakini kwa kijana inachakaa mapema na atapasuliwa tena. Ya kiwandani inadumu, ila utameza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, hadi siku ya mwisho, na kupima damu kila mara. Kwa msichana kuna zaidi: dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo hata kupanga uzazi ni kikao na daktari wa moyo. Huo ndio uamuzi aliowekewa mezani binti wa miaka 16.

Baba aliuza kiwanja cha Vikindu. Kilichobaki tulichangishana kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, la kanisani kwa shangazi na la madereva wa bajaji. Na yote hayo, makamanda, yalianza na koo. Koo lile lingetibiwa kwa penisilini, dawa ya bei ndogo inayojulikana tangu enzi za babu zetu.

Sasa tuwe wa haki. Muhimbili walianza upasuaji wa kufungua moyo mwaka 2008. JKCI ilianzishwa 2015, jengo likijengwa kwa msaada wa China. Kabla ya hapo mgonjwa alipelekwa India akipata mfadhili au akipata kibali, asipopata anarudi nyumbani kusubiri. Leo wagonjwa wa nchi jirani wanakuja Upanga, na tangu 2022 JKCI inaendesha pia hospitali ya Dar Group pale TAZARA, ndani ya Temeke yetu. Hiyo ni kazi ya madaktari, wauguzi na kodi za Watanzania. Tukiikejeli tunajikejeli wenyewe.

Hoja yangu ni hii: moyo unaharibikia Mbagala, unatengenezwa Upanga. Serikali inapenda kuhesabu vifua vilivyopasuliwa kwa sababu pale kuna jengo, kuna utepe wa kukata, kuna kamera. Koo lililotibiwa zahanati ya Buza halina utepe.

Kuba ni nchi maskini yenye vikwazo juu yake. Katika mkoa wa Pinar del Río, kuanzia 1986 hadi 1996, walifundisha wazazi, walimu na wauguzi kulitambua koo baya, wakaandikisha kila aliyewahi kuugua na kumpa sindano ya penisilini kwa ratiba. Wagonjwa wapya wa homa ya baridi yabisi wakashuka kutoka karibu 19 kwa kila watu laki moja wa umri wa miaka 5 hadi 25, wakafika chini ya 3. Hawakusubiri jengo.

Kwa wazee wetu hali ni ile ile. Wao inaziba mishipa inayolisha moyo wenyewe: presha, sukari, sigara, mafuta. Ikiziba, daktari anaizibua kwa waya mwembamba na kuacha kibomba cha kuishikilia wazi, au anachukua mshipa wa mguuni ama kifuani na kuupandikiza ili damu ipite pembeni. Profesa Janabi alipokuwa anatuambia tupunguze wanga na sukari, tulimcheka sana. Alikuwa sahihi. Ila nenda duka lolote la dawa Tandika jioni, utamkuta mzee ananunua vidonge vya presha vya siku tatu kwa sababu hela ya mwezi hana. Huyo hahitaji ushauri wa chakula peke yake.

Na bima je? Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisitisha kusajili mtoto mmoja mmoja kwenye Toto Afya Kadi, iliyokuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Baadaye kadi ikarudishwa, baada ya wazazi kupiga kelele. Novemba mwaka huo huo Bunge likapitisha Bima ya Afya kwa Wote. Muulize bodaboda wa Bunju kama "wote" anamjumuisha yeye. Huku madaktari bingwa wakija mikoani, huduma inaitwa kwa jina la Rais, kana kwamba ni sadaka yake. Tiba ni haki ya mlipa kodi. Haihitaji jina la mtu.

Kwa hiyo nataka tudai vitu vinavyoshikika. Penisilini isikosekane kwenye zahanati hata siku moja. Walimu wa msingi wafundishwe dalili: koo linalouma na homa, kisha viungo vinavyovimba kwa kuhama. Kipimo cha moyo kisogezwe hadi vituo vya afya vya kata. Vidonge vya presha vitolewe vya mwezi mzima. Na bajeti ya afya ifike asilimia 15 tuliyoahidi Abuja mwaka 2001, ambayo hatujaifikia.

Zahanati zipo chini ya manispaa. Ndiyo maana wagombea wetu walipoenguliwa kwa wingi kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, hatukupoteza viti tu. Tulipoteza mtu wa kuuliza kwenye kikao, "Dawa iko wapi?"

Basi tuulize sisi. Wiki hii kila tawi litume vijana wawili zahanati ya mtaa wake, kwa heshima, bila fujo, wamuulize mganga: penisilini ipo? Muuguzi si adui yetu, naye anaomba dawa hizo hizo. Andikeni tarehe na jibu, kisha leteni.

Mdogo wangu sasa anameza kidonge chake kila saa mbili usiku. Usiku nyumba ikitulia, ukikaa karibu naye unasikia valvu ikigonga kama saa ya ukutani. Nafurahi kuisikia. Ila haikupaswa kuwepo.