Mfinyanzi Hulia Gaeni



Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Yeye awafinyangiaye wengine vyungu, chakula chake mwenyewe hukipakua katika kipande cha chungu kilichovunjika. Juma hili methali hiyo imetuongoza kwenye swali moja: ni nani anayestahili kuihukumu kazi ya udongo, na ni nani hutajwa jina baada ya hukumu hiyo?

Huko Faenza, Italia, mashindano ya sanaa ya ufinyanzi yalianza mwaka 1938, na mwaka 1963 yakawa ya kimataifa. Jopo la majaji huchagua kazi chache kati ya nyingi, nazo huwekwa mbele ya watu pamoja na majina ya waliozifinyanga. Afrika Mashariki nayo ina jina linaloheshimiwa katika sanaa hiyo: Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Mwaka 1974 alikwenda Nigeria, katika mji ulioitwa Abuja wakati ule na ambao leo ni Suleja, akajifunza kwa wanawake wafinyanzi, akiwemo Ladi Kwali. Vyombo vilivyompa sifa huvijenga kwa mkono, bila gurudumu, akavisugua mpaka ving'ae. Mwaka 2020 Uingereza ilimtunuku cheo cha Dame.

Je, ndugu zetu, kazi ya namna hiyo ni ngeni kwetu? Mama wa uwanda wa Makonde hufinyanga kwa mkono vilevile, huchora nakshi shingoni mwa mtungi, kisha huuchoma mahali pa wazi. Kwa kuwa haukupakwa kitu cha kuziba vinyweleo vyake, maji hupenya kidogo kidogo hadi nje, hukauka kwa upepo, na yaliyobaki ndani hupoa. Hiyo ni elimu, ingawa haikuandikwa kitabuni.

Lakini tazameni tofauti. Uchongaji wa Kimakonde, kazi ya wanaume, umetoa majina yanayojulikana duniani. George Lilanga, mwana wa kusini hii, alipata nafasi katika Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972 na mtawa wa Maryknoll, Sista Jean Pruitt. Kazi yake ilivuka bahari. Mama zake na dada zake waliofinyanga, ni nani anayewataja? Chungu chao huenda sokoni bila jina, hurudi gaeni bila jina.

Wapo watakaosema kwamba chungu ni cha jikoni, si cha maonyesho, na kwamba majaji watawafundisha mama zetu kumpendeza mgeni badala ya kupika. Hofu hiyo si ya bure. Wachongaji wetu wanajua jinsi matakwa ya mnunuzi yanavyoweza kuuongoza mkono wa fundi. Hata hivyo, dawa yake si kuwaacha wafinyanzi gizani. Dawa ni kuchagua majaji wanaofaa. Bibi aliyechoma vyungu maisha yake yote hukigonga chungu kwa kidole, akaisikiliza sauti yake, akajua kama kina ufa. Huyo ndiye awe wa kwanza katika jopo.

Kwa hiyo tunatoa pendekezo. Katika Dominika ya mavuno ijayo, kila kigango kilete vyungu na mitungi, na WAWATA wasimamie. Kila chombo kiandikwe jina la aliyekifinyanga na kijiji chake. Bibi watatu wahukumu, nao waeleze mbele ya mabinti kwa nini hiki kimeshinda kile. Maelezo hayo yana thamani kuliko zawadi yenyewe, kwa maana ndoo za plastiki zimejaa majumbani mwetu, na mabinti wanaoketi kujifunza ni wachache.

Mungu alipotaka kumfundisha nabii Yeremia, alimtuma kwanza nyumbani kwa mfinyanzi, akaitazame kazi. Nasi tuna nyumba hizo katika vijiji vyetu. Twendeni tukatazame, tuwaulize majina yao, na tuyaandike wangali hai. Udongo uwahi ungali maji.