Kona ya Kijerumani: Aliweza au Angeweza?

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya ajira Septemba 2024, wadogo zetu wengi wauguzi wanajifunza Kijerumani. Leo tuzungumzie kusema mtu aliweza nini, maana kila tunapokabidhi zamu tunasema hayo hayo.

Kuweza ni *können*. Wakati uliopita ni *konnte*: ich konnte, du konntest, er konnte, wir konnten, ihr konntet, sie konnten. Kitenzi kinachofuata hakibadiliki, nacho hukaa mwisho: *Die Patientin konnte gestern allein aufstehen*, yaani jana mgonjwa aliweza kuinuka peke yake.

Sasa tazama herufi o. Ukiiwekea nukta mbili juu inakuwa *könnte*, na maana inahama kutoka "aliweza" hadi "angeweza". Hapa sisi tuna bahati, kwani Kiswahili kimetufundisha tofauti hiyo tangu utotoni. Jisemee sentensi yako kimoyomoyo: ukisikia -li-, usiweke nukta, ukisikia -nge-, ziweke. Mwenzako wa asubuhi akisoma *konnte*, anajua mgonjwa aliinuka kweli. Akisoma *könnte*, ataona ni makisio tu. Na huyo ni bibi wa watu ambaye anaweza kuanguka.

Jingine la kuangalia ni kukataa. Sahani imerudi imejaa. Kwa nini?

*Sie konnte nicht essen*: hakuweza kula. Pengine anashindwa kumeza, basi daktari aambiwe.
*Sie wollte nicht essen*: hakutaka. Kaa naye, muulize kulikoni.
*Sie durfte nicht essen*: hakuruhusiwa, labda anasubiri upasuaji. Usimpelekee hata chai.

Sahani ni ile ile, lakini kila kitenzi kinamtuma mwenzako kufanya jambo tofauti. Ukiandika tu kwamba hakula, umemwachia kazi ya kubahatisha.

Darasani mtakutana pia na *Sie hat nicht schlafen können*, hakuweza kulala. Angalia kwamba kukiwa na kitenzi kingine hatusemi *gekonnt*. Hilo ni la *können* ikisimama peke yake: *Das habe ich früher gekonnt*, zamani niliyaweza hayo. Msihangaike nalo sana, kwa kuwa wodini hata Wajerumani wenyewe husema zaidi *konnte*, ambayo ni fupi na haichanganyi.

Na mkimpokea mzee mgeni, waulizeni watoto wake: *Was konnte sie früher allein?* Zamani aliweza kufanya nini mwenyewe? Wakiwaambia alikuwa akioga na kuvaa bila msaada, mnajua ni wapi pa kujaribu kumrudisha.

Zoezi la wiki hii: andikeni sentensi tatu za jambo mlilokuwa mkiliweza mlipokuwa nyumbani. Bila nukta! Tukutane toleo lijalo.