Kicheko cha Wapigaji

Wako wasemao kwamba habari za sanaa zikisimuliwa kwa mzaha hupungua thamani, tena kwamba marehemu hastahili kuchekwa. Hatukubaliani nao hata kidogo.

Bendi ya The Fall ilianzishwa Manchester, Uingereza, mwaka 1976, ikadumu mpaka kiongozi wake, Mark E. Smith, alipofariki Januari 2018. Katika muda huo wanamuziki zaidi ya 60 waliingia na kutoka, baadhi kwa kufukuzwa, naye Smith akishikilia kwamba bendi ni yeye. Waandishi wengi waliyapokea madai hayo bila ya kuuliza. Walimvika mmoja taji, wakawasahau waliobeba ngoma.

Leo ndugu wawili, Steve na Paul Hanley, wana podikasti yao, Oh! Brother, ambamo huizungumza bendi hiyo pamoja na wageni huku wakicheka. Steve alipiga gitaa la besi tangu 1979 hadi 1998, alipoondoka baada ya ugomvi uliozuka jukwaani New York. Paul alipiga ngoma tangu 1980 hadi 1985. Je, hawa nao wafundishwe heshima na mashabiki waliokuwa chini ya jukwaa? (Mashabiki, tukiri, huwa wakali kuliko wafiwa.) Mpigaji akilalamika, ataambiwa ana kinyongo, akisifu tu, atakuwa mwongo. Kwa mzaha aweza kusema kwamba Smith alikuwa mgumu kufanya naye kazi na kwamba alikuwa bingwa, wala asikanushe hata moja.