Mlango wa saa moja na nusu na wenzetu wa ng'ambo

Katika masomo yetu hapa Kindu mlango unafungwa saa moja na nusu kamili, na anayechelewa anaandikwa. Sheria ni nzuri. Lakini kwa wenzetu wanaotoka Alunguli, ng'ambo ya Lualaba, mimi nasema haikupigiwa hesabu, na hesabu yenyewe iko ndani ya kaye zetu: ni trigonometri.

Wengi wanasema sinusi na kosinusi ni vitu vya enterogasio tu. Basi tuchukue mtumbwi. Tuseme mto una upana wa metre 600, mpiga kasia anakwenda metre 1,5 kwa sekunde katika maji yaliyotulia, na mto unatelemka metre 0,9 kwa sekunde. Akielekeza mdomo wa mtumbwi moja kwa moja ng'ambo, atavuka kwa muda gani? Fasi hii wengi wanaanguka. Wanatafuta hipotenuzi ya 1,5 na 0,9, wanapata 1,75, halafu wanagawanya 600 kwa hiyo. Si vile! Mwendo ule wa 1,75 unafuata njia ya mshazari, nayo ni metre 700. Maji yanasukuma kwenda chini tu, hayamsaidii kuvuka wala hayamzuii. Muda ni 600 kwa 1,5, ndiyo sekunde 400. Paka atatua metre 360 chini ya bandari.

Anayetaka kutua sawasawa mbele ya alipotoka lazima ageuze mdomo kwa juu. Sinusi ya pembe ni 0,9 kwa 1,5, ndiyo 0,6, karibu digri 37. Kosinusi yake ni 0,8, basi mwendo wa kuvuka unabaki 1,2 na muda unakuwa sekunde 500. Dakika 8 na kidogo, hakuna anayelia.

Sasa mto ujae, maji yafike 1,3. Pembe inakuwa digri 60, kosinusi nusu tu, mwendo wa kuvuka 0,75: zaidi ya dakika 13. Na upana tumeuacha 600, ingawa mto ukijaa unapanuka! Maji yakifika 1,5, kosinusi ni sifuri. Atapiga kasia mpaka jioni, mbele ya bandari hatatua. Wenye mitumbwi hawakusoma kosinusi lakini wanajua: wanapanda kwanza kandokando, fasi maji yamepungua nguvu, ndipo wanakata. Ni akili kabisa, lakini ni dakika zingine tena.

Mwanafunzi anayeogopa kuandikwa anafanya nini? Anajitupa ndani ya mtumbwi wa kwanza, hata umejaa watu mpaka maji yanakaribia kuingia. Na mtumbwi mzito unakwenda polepole. Tuseme 1,5 imeshuka kuwa 1,4 tu, maji ni yale yale 1,3. Pigeni hesabu: mwendo wa kuvuka unabaki karibu 0,52, na muda unaruka mpaka dakika 19. Kasia imepoteza kidogo sana, muda umeongezeka karibu nusu, na hatari ya kuzama juu yake.

Wengine watajibu: waamke mapema. Wanaamka! Lakini kuvuka mto uliojaa katika giza ni kutafuta kifo, na hakuna mzazi atakayekubali.

Mimi naomba hivi. Kila Jumatatu wanafunzi wa kelasi za juu wasimamishe miti miwili kwenye ukingo, metre 50 kati yao. Mwenye mtumbwi aangushe kipande cha mgomba katikati ya mto, nao wahesabu sekunde. Namba iandikwe kwenye ubao karibu na ofisi ya prefe. Ikipita 1,2, wenzetu wa Alunguli wapewe dakika 15. Na mwalimu wa hesabu atakuwa na enterogasio mpya kila juma, bila kuitafuta kitabuni.