Barua ya Wazi kwa Wabunge wa Mkoa wa Tanga: Mkataba wa Uhalifu wa Mtandao Usipite kwa Hati ya Dharura

Waheshimiwa,

Nawaandikia ninyi mliotumwa Dodoma na watu wa Tanga Mjini, Pangani, Muheza, Mkinga na majimbo mengine ya mkoa wetu, kwa jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa la wanasheria, ilhali limeshaingia kwenye simu za wapiga kura wenu.

Tarehe 24 Desemba 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha mkataba dhidi ya uhalifu wa mtandao, na Oktoba 2025 ukafunguliwa mjini Hanoi, Vietnam, ili nchi zitie saini. Utaanza kufanya kazi siku 90 baada ya nchi ya 40 kuuridhia. Saini huwekwa na Serikali. Lakini Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba imelipa Bunge, si waziri, kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Na hata mkisharidhia, mkataba haumfungi mtu wa Chumbageni wala wa Moa mpaka itungwe sheria ya nchi ya kuutekeleza. Kwa hiyo utapita mikononi mwenu mara mbili: kwanza kama azimio, kisha kama muswada. Naomba mara zote mbili tuwepo.

Siupingi mkataba huu. Sisi wa mpakani tunauhitaji kuliko wengi. Mkulima wa machungwa wa Muheza anampakilia mzigo mnunuzi wa ng'ambo ya mpaka wa Horohoro. Ujumbe wa malipo unaingia kwenye simu, gari linaondoka, ndipo anagundua kwamba ujumbe ni wa kughushi na laini iliyoutuma imesajiliwa Kenya. Kuripoti kwa namba 15040 kunafaa kwa yule tapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii" anayetumia laini ya hapa. Kwa laini ya Lungalunga, upande wa Kenya, hakufui dafu. Polisi wa Tanga hawana uwezo wa kuvuka mpaka na kuidai kampuni ya simu ya huko kumbukumbu zake. Ombi hupanda hadi kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya kusaidiana katika makosa ya jinai ya mwaka 1991, iliyotungwa kabla simu ya mkononi haijaingia nchini, ndipo liende Nairobi. Mkataba unaitaka kila nchi iwe na kituo kinachopatikana saa 24, siku zote saba, na iweze kuagiza kumbukumbu zihifadhiwe haraka zisije zikafutwa. Kwa mkulima yule, hiyo ni haki aliyoikosa siku nyingi.

Hofu yangu iko kwenye sheria tuliyonayo tayari. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilipelekwa Bungeni kwa hati ya dharura, ikapita Aprili, na Septemba mosi ikaanza kutumika. Kifungu cha 32 kinamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kuagiza mtu au kampuni itoe taarifa zilizo kwenye kompyuta, bila kupitia kwa hakimu. Kampuni ya Jamii Media ilikipinga Mahakama Kuu, ikashindwa, nacho kikabaki. Kifungu cha 16 kinamwadhibu anayechapisha taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Kiwango cha chini kimetajwa. Cha juu hakikutajwa.

Sasa someni mkataba kando ya kifungu hicho. Unasema nchi zitasaidiana kutafuta ushahidi wa kielektroniki kwa kosa lolote zito, na kosa zito ni lile ambalo adhabu yake ya juu inafika miaka minne au zaidi. Yakikutana hayo mawili, mvuvi wa Deep Sea, hapa Tanga, anayelalamikia ushuru kwenye kundi la WhatsApp, akidaiwa kusema uongo, anaweza kufuatiliwa hadi nje ya nchi kwa utaratibu uleule uliowekwa kwa ajili ya tapeli wa machungwa. Ibara ya 24 ya mkataba inataka mamlaka hizi ziwekewe mipaka, ukiwemo usimamizi wa mahakama au chombo kingine huru, ila namna ya kuiweka imeachiwa sheria ya kila nchi. Yaani imeachiwa ninyi.

Naombeni, basi, tafsiri kamili ya Kiswahili iwekwe hadharani kabla ya azimio kusomwa. Lugha rasmi sita za Umoja wa Mataifa hazina yetu, na tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu. Kamati ya Bunge ije Tanga, iwasikilize mawakala wa fedha za simu, wakulima, wavuvi na waandishi wa habari. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo iulizwe. Na marekebisho ya vifungu vya 16 na 32 yawe mezani siku ileile ya azimio, yasiwe ahadi ya baadaye.

Mkiambiwa hakuna muda, kumbukeni Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao: ulipitishwa Juni 2014, ukaanza kufanya kazi Juni 2023. Afrika ilisubiri miaka tisa. Tanga inaomba wiki chache za kusoma na kusema. Msipige kura ya ndiyo kabla hamjatusikia.

Wenu,
Mpiga kura, Ngamiani, Tanga